Nipe Vizibo Vinne

Mwambie mtoto wa miaka mitatu ahesabu, naye atakuimbia: moja, mbili, tatu, nne, hadi kumi, na wengine hadi ishirini bila kuvuta pumzi. Watu wazima waliopo watapiga makofi. Sasa mwaga vizibo vya soda mkekani umwambie, "Nipe vinne." Wengi watachota kiganja kizima wakukabidhi. Si ukaidi, wala si kwamba hawakusikia. Wimbo wanaujua, ila hawajajua bado kwamba neno la mwisho la wimbo ndilo linalosema viko vingapi.

Nacheza michezo ya namba na wanangu wawili hapa nyumbani Tanga, pamoja na watoto wa majirani ambao hawasubiri kualikwa, na pengo hilo kati ya wimbo na idadi ndilo lililonifanya niandike. Naamini kwa dhati kwamba pengo hilo huzibwa na mchezo kabla ya daftari, na kwamba karibu kila kinachohitajika tunacho tayari: vizibo, kete, kifuu cha nazi, trei ya mayai, sarafu moja, na mtu mzima aliye tayari kukaa chini kwa dakika kumi.

Mwaka 1990 mwanasaikolojia wa Marekani, Karen Wynn, alichapisha utafiti uliotumia jaribio hilohilo la "nipe". Mtoto anaombwa ampe mwanasesere kitu kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, na kuendelea. Kilichoonekana ni kwamba watoto hawaielewi safu ya namba yote kwa mkupuo. Kwanza moja tu ndiyo yenye maana, na namba nyingine zote maana yake ni "vingi". Baadaye inakuja mbili, kisha tatu. Halafu, wengi wakiwa na miaka mitatu na nusu au minne hivi, mlango unafunguka: mtoto anatambua kwamba kila namba anayoweza kuifikia kwa kuhesabu anaweza pia kuitoa. Safari hiyo inaweza kuchukua mwaka mzima hivi. Mzazi akilijua hili anapoa. Mtoto aliyekwama kwenye tatu yuko njiani, wala hana tatizo la akili.

Dalili ninayoivizia mimi ni hii. Mtoto amehesabu vizibo vyake, "moja, mbili, tatu, nne, tano." Unamuuliza, "Kwa hiyo viko vingapi?" Yule ambaye bado hajavuka anaanza upya: moja, mbili, tatu. Aliyevuka anakutazama na kusema, "Vitano." Hasemi tano ya wimbo. Anasema vitano, ya vizibo. Binti yangu alipolitamka hilo kwa mara ya kwanza nilitamani kumwita mtaa mzima.

Sasa twende kwenye michezo yenyewe. Wa kwanza ninaoupendekeza kwa yeyote mwenye mtoto wa miaka minne au mitano ni njia ya namba. Kata ubavu wa boksi la sabuni, chora vyumba kumi kwa mstari mmoja, andika 1 hadi 10 kuanzia kushoto kwenda kulia. Kila mchezaji ana kizibo chake. Dadu ya kawaida haifai hapa, maana ukitupa sita halafu nne mchezo umekwisha. Sisi tunarusha sarafu ya shilingi 200: ikilala upande wa Mzee Karume juu, unasogea chumba kimoja, ikija na simba, unasogea viwili. Anayefika 10 kwanza ameshinda. Raundi moja inakwisha haraka, na mtoto anadai nyingine kabla hujanyoosha mguu.

Mchezo wenyewe ni mdogo, lakini umepimwa vizuri kuliko vifaa vingi vya bei mbaya. Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha mwaka 2008 utafiti wao juu ya mchezo wa namna hii hii, waliocheza na watoto wa Marekani kutoka familia za kipato cha chini. Walicheza vipindi vinne tu vya dakika 15 hadi 20, ndani ya wiki mbili. Kundi la pili lilicheza mchezo uleule, ila vyumba vilikuwa na rangi badala ya namba. Kundi la namba lilipiga hatua katika kuhesabu, kutambua tarakimu, kusema ipi kubwa kati ya namba mbili, na kuonyesha namba fulani inakaa wapi kwenye mstari. Kundi la rangi halikupata faida hiyo. Watoto walipopimwa tena wiki tisa baadaye, faida ilikuwa bado ipo.

Ukikaa chini na mtoto unaona kwa macho yako kwa nini iwe hivyo. Kufika 8 kunataka kizibo kiende mbali kuliko kufika 3. Mkono unaruka mara nyingi zaidi, mdomo unatamka maneno mengi zaidi, na muda unakwenda zaidi. Ukubwa wa namba unamwingia kwa macho, kwa mkono na kwa sikio kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata watafiti haohao walilinganisha njia iliyonyooka na ile ya duara, na iliyonyooka ndiyo iliyosaidia. Kwa sababu hiyo ludo naiweka nyuma kidogo kwa watoto wa umri huu, ingawa naipenda: njia yake inazunguka na vyumba vyake havina namba. Uzuri wa ludo uko kwenye dadu. Mtoto akizoea anaona vidoti vitano na kusema tano bila kugusa kimoja kimoja, na jicho la namna hiyo ni mtaji mkubwa.

Kuna jambo moja dogo kwenye njia ya namba ambalo nakuomba usiliache. Kizibo cha mtoto kiko kwenye 4, sarafu imetoa simba. Wengi wetu tutasogeza tukisema "moja, mbili." Sema "tano, sita," huku ukigusa chumba cha 5 na cha 6. Elida Laski na Siegler walilijaribu hilo katika utafiti wao wa mwaka 2014, kwa ubao mrefu wa hadi 100, na watoto waliotaja namba za vyumba wanavyopita walijifunza zaidi ya wale walioanza moja kila mara. Ukisema "moja, mbili" kila zamu, mtoto anarudia kitu anachokijua tangu zamani na hata hatazami namba zilizoandikwa. Ukisema "tano, sita," anaanza kuhesabu kutokea pale alipo, na kujumlisha kunaanzia hapo. Mwanzoni mtoto atakwama. Mtajie wewe, naye arudie. Usigeuze zamu yake kuwa mtihani.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa kifuu. Chukua kete tano, komwe zile za bao au vijiwe vyovyote vinavyolingana. Zihesabuni pamoja mpaka mkubaliane ni tano. Mtoto afumbe macho. Unafunika baadhi kwa kifuu cha nazi, anafumbua, anaona tatu zimebaki nje. "Kifuuni ziko ngapi?"

Binti yangu mwanzoni alikuwa anainua kifuu, nami namwacha ainue, kwa kuwa kuhakikisha ni sehemu ya raha yenyewe. Baada ya muda akaacha kuinua. Nilimwona anazitazama kete tatu zilizo nje, ananyoosha vidole vitatu polepole, anasita, anaongeza cha nne, anaongeza cha tano, kisha anavigeuza vile viwili vilivyoongezeka mbele ya uso wake kama mtu anayekagua pete. "Mbili!" Akafunua. Zilikuwa mbili. Njia ile ya vidole hakuna aliyemwonyesha. Aliitafuta mwenyewe kwa sababu alikuwa na hamu ya kujua kilichofichwa, na hamu hiyo huwezi kuilazimisha kwa kalamu.

Zamu ikageuka, yeye ndiye anayeficha. Akanifumba macho kwa kiganja chenye unga wa mhogo, akahangaika weee, akaniambia nifumbue. Kete zote tano ziko nje, na kifuu kimefunikwa pembeni. "Mama, kifuuni ziko ngapi?" Nikamwambia hakuna hata moja. Akacheka mpaka akalala kifudifudi. Basi sifuri imeingia nyumbani kwetu kwa kicheko, na tangu siku hiyo lazima ifichwe walau mara moja kila tukicheza. Kete tano zikishazoeleka, ongeza iwe sita, baadaye kumi. Mtoto anayejua kwamba kumi ni saba na tatu, ni sita na nne, ni tisa na moja, akifika darasa la kwanza hatababaishwa na kutoa.

Kwa walio wakubwa kidogo kuna mdako, ambao mama zetu na bibi zetu waliucheza bila kujua kwamba wanafanya hesabu. Wasioujua: unachimba shimo dogo, unaweka vijiwe kumi, unabaki na kimoja cha kurusha. Unakirusha juu, na kabla hakijashuka unavikokota vijiwe vyote nje ya shimo, unakidaka. Unarusha tena, unavirudisha vyote ukibakiza kimoja tu nje. Hicho umekila. Unaendelea hivyo, kimoja kimoja, mpaka shimo liishe. Kisha raundi ya mbili mbili, kisha tatu tatu.

Ukifika tatu tatu na vijiwe kumi, utaona kitu. Unakula tatu, tatu, tatu, halafu kinabaki kimoja pweke shimoni. Mwanangu wa kiume, ambaye yuko darasa la pili, alikaa akikitazama kile kijiwe. "Mama, hiki hakina wenzake." Akataka kujaribu nne nne: vikabaki viwili. Tano tano: havikubaki. Alasiri ile tulifanya kugawanya na baki bila mtu yeyote kutaja neno kugawanya. Mtoto wa miaka mitano mikono yake haijawa na wepesi wa kudaka, kwa hiyo kwake tunaacha kurusha. Anakokota tu, anabakiza idadi iliyotajwa, na anahukumiwa na dada wakubwa walio pembeni, ambao hawana huruma kabisa kwenye kuhesabu.

Kisha kuna bao. Bao kamili lina mashimo 32 na kete 64, na sitegemei mtoto wa miaka minne alijue. Katika bao la kiswahili kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni, sita ndani ya shimo linaloitwa nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, huku 22 zikiwa mkononi. Hata watu wazima wanalisomea miaka. Lakini kitendo cha msingi cha bao, kugawa kete moja kwa kila shimo mpaka mkono uishe, ndicho kitu ambacho mtoto anakihitaji kuliko vyote: kete moja, shimo moja, bila kuruka na bila kurudia. Watoto wanapokosea kuhesabu, mara nyingi wanakosea hapo. Kidole kinakwenda mbio na mdomo unabaki nyuma.

Kwa wadogo tunakata trei ya mayai. Trei ya kawaida ina vishimo 30, safu tano za sita sita. Chukua safu mbili, vishimo 12, weka kete mbili mbili, mkubaliane kuzunguka upande mmoja, na anayelaza kete yake ya mwisho kwenye kishimo kitupu zamu inahamia kwa mwenzake. Inatosha. Baba yangu, ambaye bao lake la barazani halikosi wachezaji kila alasiri, ameongeza kanuni moja akicheza na wajukuu, nami naiona ni kanuni ya mwalimu. Kabla hajamruhusu mtoto kugusa kete, anamwambia, "Taratibu mjukuu wangu, niambie kwanza italala wapi." Mtoto analazimika kuzitazama kete, akadirie ziko nne, atembee na macho vishimo vinne mbele, aonyeshe kwa kidole. Ndipo anacheza na kuona kama alipatia. Mchezaji mzoefu wa bao anaishi kwa ujuzi huo, na mzee anaurithisha kwa sentensi moja.

Trei hiyohiyo ina kazi nyingine. Safu tatu zilizobaki zina vishimo sita sita. Kata safu mbili, ondoa kishimo kimoja mwisho wa kila safu, upate tano juu na tano chini. Jaza kete saba. Safu ya juu imejaa, ya chini ina mbili. Mtoto anaona saba ni tano na mbili, na anaona papo hapo kwamba zinapungua tatu kufika kumi. Baada ya kumi endelea kuweka kete nje ya trei: trei iliyojaa na tatu pembeni ni kumi na tatu, sawasawa na tunavyotamka. Nashauri kazi hii ifanywe kwa Kiswahili hata kama mtoto anasoma shule ya Kiingereza, kwa sababu maneno yetu ya kumi na moja mpaka kumi na tisa yanamwonyesha mtoto kinachoendelea mkekani.

Watu huniuliza kuhusu pesa: si ndiyo hesabu ya kweli ya maisha? Kwa mtoto wa miaka minne naona hapana, bado. Bei zetu zinaanzia mamia. Mtoto anasema "mia mbili" kwa ufasaha akinunua pipi, lakini hiyo mia mbili kwake ni jina la sarafu kama vile simba ni jina la mnyama, wala hajawahi kuona vitu mia mbili vikiwa pamoja. Tukicheza genge, vizibo ndiyo fedha: nyanya moja kizibo kimoja. Na nyanya tunapanga mafungu kama sokoni, tatu chini na moja juu. Hapo kuna siri nzuri. Muuza nyanya hahesabu fungu lake, analiona. Mtoto akipanga mafungu ya nne nne akiwauzia wenzake, baada ya siku chache naye analiona, na mteja akipunjwa nyanya moja kelele zake zinasikika barabara ya pili.

Kuhusu namna ya kukaa na mtoto nina maneno machache tu. Akikosea kuhesabu, usiseme "siyo." Sema "hebu na mimi nihesabu," uguse kimoja kimoja polepole, aone tofauti mwenyewe. Usimwachie ashinde kila mara, maana mtoto anajua akihurumiwa, na anayejua anaweza kushindwa ndiye anayezihesabu hatua za mwenzake kwa makini. Akichoka, acheni. Dakika kumi jioni, huku wali unapikika, zinatosha.

Kinachoniuma ni tunachowafanyia watoto kwa jina la maendeleo. Mtoto wa jirani yangu, miaka mitano, analetewa kazi ya nyumbani kutoka shule yake ya awali: andika 1 hadi 100, mara mbili. Nimemwona akiandika huku machozi yanadondokea daftari. Tarakimu zake ni nzuri. Nilipomwomba anipe vizibo vinane alinipa kiganja. Mama yake analipa ada kwa jasho, anataka aone kurasa zimejaa, na simlaumu hata kidogo. Lakini kurasa zile hazimwambii kama mwanawe anajua nane ni nini. Tanzania iliweka uzito kwenye KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, katika mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza 2015, na uamuzi ule ulikuwa na sababu. Wapimaji wa Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, waliopita kaya kwa kaya Tanzania, Kenya na Uganda na maswali ya kiwango cha darasa la pili, walikuta watoto wengi wa madarasa ya juu wasioyaweza. Mtoto anayefika darasa la tano bila kujua kutoa alianza kuachwa mapema sana, wakati sisi tunapiga makofi kwa wimbo.

Mama yule sasa anamleta mwanawe kwetu jioni. Anakaa na binti yangu mkekani, wanarusha sarafu, wanagombana kama simba alionekana au hakuonekana. Hapo juzi walilalamika kwamba njia inaisha mapema, kwa hiyo tunatengeneza ya 100: safu kumi za vyumba kumi kumi, 1 ikiwa chini kabisa, ili namba ikikua kizibo nacho kipande. Kwa njia ndefu hiyo dadu itafaa. Kaka mtu amepewa kazi ya kuandika namba kwa maka peni, na tayari anabishana na babu yake kama safu ya pili ianzie kushoto au igeuze irudi kama nyoka. Mimi niko upande wa kushoto, safu zote, ili 7, 17 na 27 zikae kwenye mstari mmoja na watoto waone wenyewe kwamba kupanda chumba kimoja juu ni kuongeza kumi.